Karatasi ya Wiki ya Kumi na Moja

Kisauni, Ijumaa, alasiri.

Mvua imeanza tangu alfajiri na haina nia ya kuacha. Uani maji yamefika kizingiti cha jiko, na nguo nilizofua jana nimezitandaza juu ya viti, zanuka unyevu nyumba nzima. Sikwenda kazini. Nimetuma salamu kuwa si mzima, na sikusema uongo, ingawa si mwili unaoniuma.

Hapa mezani nina vitu viwili. Kimoja ni ripoti ya kurasa tisa, imepigwa taipu vizuri, nakala tatu. Cha pili ni nusu karatasi ya daftari yenye jina la Kassim Mwidadi juu, na chini yake hesabu za wiki ya kumi na moja. Bado sijazisahihisha.

Kassim amezikwa Jumanne.

Nitaandika tangu mwanzo, maana nikiliacha jambo hili kichwani litanizunguka mpaka Jumatatu, na Jumatatu natakiwa nisimame mbele ya kamati ya masomo nizungumze kama mtu mwenye akili zake.

Miaka sita nimefundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika tawi letu la chuo kule Changamwe. Ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala la kahawa, na siku za joto harufu yake bado hutoka ukutani. Wanafunzi zaidi ya mia mbili. Mimi juu ya jukwaa na kipaza sauti kinachokoroma, nawasomea maelezo yaleyale kwenye karatasi zilezile zilizogeuka rangi ya manjano, nao wanainama wanaandika. Wastani ni hivi. Mtawanyiko ni hivi. Saa ikilia wanatoka. Mwisho wa mwaka nusu yao wanaanguka, nami nasema kizazi hiki hakisomi.

Kilichonizindua ni aibu. Mwaka jana, soko la Kongowea, msichana mmoja aliyekuwa akiuza nyanya aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, nikamuuliza kama tunajuana. Akacheka kidogo. Alikuwa amekaa katika darasa langu mwaka mzima, akaanguka mtihani wangu, akaacha chuo. Nilinunua nyanya nisizozihitaji. Sikulala vizuri wiki ile.

Basi likizo ndefu nikaivunja kozi yote nikaiunda upya. Maelezo yangu, robo saa, basi. Muda uliobaki wanafunzi wafanye wenyewe. Mabenchi ya ukumbi yamekazwa kwa bolti kwenye saruji, hayasogei, kwa hivyo nikaamuru safu moja igeuke nyuma itazamane na safu inayofuata. Watu wazima wakakaa kinyume kwenye mabenchi, miguu imebanwa na viegemeo, wakinung'unika. Makundi ya watu sita sita. Kila kundi nikalipa kopo la kunde na choroko zilizochanganywa, wachote kwa kijiko, wahesabu, wakisie kopo zima lina kunde kiasi gani, kisha wabishane kwa nini kijiko cha huyu kimetoa jibu tofauti na cha yule. Siku ya kwanza zilimwagika choroko nyingi kiasi kwamba mfagiaji alinijia juu.

Kisha nikatunga kanuni. Kila Jumatatu mwisho wa kipindi, kila mmoja atoe nusu karatasi yenye jina lake, sahihi yake, na majibu ya maswali niliyowapa wiki iliyotangulia. Mwenye karatasi amehudhuria. Asiye nayo hakuhudhuria. Na nikawaambia, kwa sauti ileile ya jukwaani: nyinyi sita ni dhamana ya kila mmoja wenu, asipotee mwenzenu.

Karatasi zote nilisahihisha mwenyewe kila wiki, kwa wino wa kijani, kwa sababu wino mwekundu unawatisha. Na nilijiwekea sharti kwamba kila ninachoandika kianze na jina la mtu. Rukia, umeelewa. Wanjala, usiruke hatua. Nilitaka kila mmoja katika ukumbi ule ajue kwamba nimemwona. Nilitaka asitokee mwengine wa kuniamkia sokoni nisimjue.

Mkuu wa idara hakupenda. Ni mtu mpole kwa sura, lakini alisema mbele ya walimu wenzangu kuwa nimegeuza chuo kuwa shule ya chekechea, watu wazima wanachezea kunde. Akanipa muhula mmoja. Jumatatu hii kamati inakata shauri: ama kozi ibaki hivi na nyingine tatu zifuate, ama turudi kwenye jukwaa na kipaza sauti.

Kwa hivyo niliandika ripoti. Niliimaliza Jumanne saa kumi, nikampelekea mpiga taipu. Ukurasa wa pili una mstari niliouonea fahari kuliko yote: tangu wiki ya kwanza hadi ya kumi na moja, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeacha. Nikatoa na mfano. Kundi la Kumi na Saba, nikaandika, karatasi sita kila wiki, bila kukosa.

Saa kumi ya Jumanne ndiyo saa walipokuwa wanamteremsha Kassim kaburini.

Jumatano nilirudi nyumbani mapema. Jirani yangu, Bi Nuru, alikuwa amesimama mlangoni kwangu ananingoja, kanga kichwani. Akaniambia kuna msiba nyumba ya Bi Mwanaisha, vichochoro viwili kutoka hapa, mwanawe amefariki kwa maradhi ya figo, na akanilaumu kwamba tangu jana watu wote wa mtaa wamekwenda kutoa pole isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeona watu wengi upande ule jioni ya Jumanne nilipokuwa napita. Nilidhani ni harusi. Nina siku nyingi sitazami.

Nilikwenda kama jirani. Nikavaa buibui, nikachukua sukari na majani ya chai, nikapita nyuma, mlango wa uani, kama tunavyofanya wanawake. Na pale uani, juu ya mbuzi, ameinama anakuna nazi, alikuwa Rukia. Rukia wa Likoni, wa safu ya tisa, wa Kundi la Kumi na Saba. Kando yake wasichana wengine wawili wa kundi lile wanaosha sufuria. Nje barazani, baadaye nilimwona Wanjala pia, kijana wa bara anayekaa Changamwe, Mkristo, amevaa kofia ya kuazima anabeba ndoo za maji.

Rukia aliacha kukuna. Akasimama, mikono imejaa nazi iliyokunwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wafanya nini huku?" Swali la kijinga kumuuliza mtu aliye matangani.

"Tumefiwa na mwenzetu. Kassim, wa kundi letu."

Nilisikia jina, na kichwani mwangu likaja kama linavyokuja daima, na wino wa kijani mbele yake. Nikasema, "Lakini Jumatatu alikuwapo." Wallahi nilisema hivyo. Nilibishana na mtu anayekuna nazi za matanga.

Rukia akatazama chini. "Hakuwapo, Mwalimu. Amekuja wiki tatu za mwanzo tu."

Mmoja wa wasichana alinipokea sukari mkononi.

Rukia alinieleza kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, ili wanawake wa ndani wasisikie. Wiki ya nne Kassim alivimba miguu akalazwa, akarudishwa nyumbani. Kanuni ya chuo inasema aliyekosa vipindi vitatu anafutwa, na mwenye barua ya daktari anarudi mwaka unaofuata. Kundi likamwambia alete barua. Akakataa.

"Alisema mwakani ni mbali," Rukia akasema.

Basi wakamwandikia. Kila Ijumaa baada ya sala walikwenda kwake, watu watano, wakakaa juu ya mkeka kando ya kitanda, wakamsomea nilichomwandikia kwenye karatasi ya wiki iliyopita, kisha wakafanya maswali mapya pamoja naye. Mwanzo alikuwa akifanya mwenyewe, yeye anasema, mmoja wao anaandika. Hata akiwasahihisha. Baadaye akawa anasikiza. Baadaye akawa analala. Nao wakaendelea kuandika.

"Tulikuwa twamsitiri," akasema. "Utakalotufanya ni haki yako, Mwalimu."

Nilikasirika, sitajificha. Nilitaka kumwambia kwamba wamenidanganya, kwamba nimeandika ripoti, kwamba kusaini jina la mwenzio ni kosa la kufukuzwa chuo. Nikatazama zile nazi. Wanawake wa ndani walikuwa wakisoma, sauti zinapanda na kushuka, na moshi wa kuni ulikuwa unatuingia machoni sote.

Kisha Rukia akanipeleka kwa mama.

Bi Mwanaisha ni mama mwembamba, mweupe wa nywele, alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda kitupu. Nimempita mara ngapi sijui. Kila Ijumaa nikinunua mahamri kwa bibi mmoja anayekaa kumkabili, mlango wake uko nyuma yangu. Niliinama nikampa mkono, nikamwambia Mungu ampe subira. Rukia akamwambia mimi ni nani.

Mama aliushika mkono wangu, hakuuachia.

"Wewe ndiye Mwalimu Saida," akasema. "Wa wino wa kijani."

Akaingiza mkono wa pili chini ya godoro akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mna karatasi kumi, zimekunjwa vizuri, moja juu ya mwenziwe. Yeye hajui kusoma. Alizigusa moja moja kama mtu anayehakikisha zimetimia. Akaniambia kwamba mwanawe alifanya kazi bandarini miaka minane, na alipougua hakuna hata mmoja wa wakubwa wake wa kazini aliyemletea salamu. Lakini mwalimu wake, mwenye watu mia mbili wa kuwashughulikia, hakupita wiki bila kumwandikia. Kila Ijumaa akisomewa, husema, "Mama, Mwalimu kaniandikia tena."

"Na wewe wajua kuwa hawezi kuamka," akasema, "na bado wamwandikia. Mungu akulipe, mwanangu."

Sikuwa najua. Sikujua kama anaumwa. Sikujua kama yupo.

Nilisema, "Amin."

Neno moja hilo. Nimelirudia kichwani siku mbili hizi na bado sioni ningesema nini badala yake, na bado nalionea haya.

Halafu akaniambia jambo lililonimaliza kabisa. Alisema Kassim alikuwa akipenda kumhadithia habari zangu, jinsi siku moja alivyosimama darasani akaeleza habari za bambo, na Mwalimu akafurahi mpaka akashuka jukwaani.

Ndiye yule.

Wiki ya pili kulikuwa na mtu mzima mmoja, mrefu, shati limepigwa pasi, aliyesimama nilipokuwa nahangaika kueleza sampuli. Alisema yeye alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na kwamba mchele ukiteremshwa melini hakuna anayefungua magunia yote. Mtu ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ndani. Anachoma gunia hapa, anachoma gunia kule, mchele unateremka kiganjani, anautazama, anaukubali au anaukataa mzigo mzima. Lakini, akasema, karani mvivu huchoma magunia ya mbele tu, yaliyo karibu na mlango, na mwenye mali anajua, kwa hivyo mbele ndiko anakoweka mchele mzuri. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Tangu siku ile kila mtu akaelewa. Nimelitumia bambo katika kila kipindi mpaka leo. Liko hata kwenye ripoti, ukurasa wa tano, kama "mfano uliotolewa na mwanafunzi mmoja".

Nilimkosa yule mtu kuanzia wiki ya nne. Nakumbuka nilimtafuta kwa macho. Nikajiambia labda amehamia safu za nyuma. Na jioni ileile nikakaa hapahapa mezani nikaandika, Kassim, vizuri, endelea, na wala sikujua kuwa ninayemtafuta na ninayemwandikia ni mtu mmoja.

Nilitaka kumjua kila mmoja kwa jina. Haya, jina lake nililijua.

Nilipoaga, mama aliuliza, "Na ile ya mwisho? Rukia asema bado iko kwako. Niletee, niwe nazo zote."

Nikasema nitaileta.

Jana, Alhamisi, nilikwenda kazini kama kawaida nikatoa bunda la kumbukumbu za Kundi la Kumi na Saba. Alama za Kassim kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne, kumi na saba. Zimenyooka. Tena mimi ndiye ninayewafundisha kila mwaka kwamba hesabu ikinyooka mno iogope, rudi uitazame ilikotoka. Makundi mengine yote yana mashimo: huyu alikwenda kumzika babu, yule alikwama na kivuko, mwengine alilala tu. Kundi moja peke yake halina shimo hata moja, nami badala ya kwenda kulitazama nikalitia kwenye ripoti. Nimechoma gunia la mbele, karibu na mlango.

Jambo lingine ninalolikumbuka. Wiki ya saba niliandika, Kassim, mwandiko wako umetulia, asante. Ulikuwa mwandiko wa Wanjala.

Na mwezi uliopita, Ijumaa moja, nimeshika mahamri yangu, nilikutana na Rukia kwenye kona ya kichochoro kile. Akaniamkia haraka akauficha mfuko nyuma ya buibui. Nikadhani ana jamaa mtaa ule. Dakika chache kwa miguu kutoka kitandani pangu mpaka kitandani pake, na mimi nilikuwa nikimwandikia kupitia Changamwe.

Mtu wa bara akifanya kosa hili nitamsamehe. Mimi nimezaliwa mtaa huu. Nilipokuwa mdogo baba yangu alituacha akaoa Tanga, na mama akawaambia watu kuwa yuko safarini. Mtaa mzima ulijua. Na kwa miaka miwili mtaa mzima ulimuuliza mama, kwa nyuso zilizotulia kabisa, mzee hajambo huko safarini? Ataleta nini akirudi? Hakuna aliyewahi kuteleza, hata watoto. Ndivyo tulivyo. Mwenzako akipungukiwa, unasimama mbele ya lile pengo ili mgeni asilione. Nimekula na kunywa katika sitara hiyo, ndiyo iliyomlinda mama yangu asipasuke.

Nami nikachukua watu wa namna hii, nikawaweka sita sita, nikawaambia mwenzenu asipotee. Kisha nikapima kwa sahihi zilizo kwenye karatasi.

Walinisikia. Pengine ndio watu pekee mwaka huu walionisikia barabara.

Leo tangu asubuhi nazungushana na hii ripoti. Njia rahisi ni kunyamaza. Rukia na wenziwe hawatasema. Bi Mwanaisha hajui kuna cha kusemwa. Nitaandika barua fupi kwa ofisi kwamba mwanafunzi mmoja amefariki wiki ya kumi na moja, Mungu amrehemu, na hiyo ni kweli. Mstari wangu utabaki palepale: hakuna aliyeacha. Hata kamati itaona huruma. Kozi itapita, na mwakani watu wengine mia mbili watageuka kwenye mabenchi wachezee kunde, na wengi wao wataelewa, hilo siamini tu, nimeliona kwa macho yangu.

Lakini nitakuwa nimesimama mbele ya wanafunzi hao nikiwafundisha kuiogopa hesabu iliyonyooka.

Siwezi. Si uchamungu. Ni kwamba sina kazi nyingine ninayoijua, na kazi yenyewe ni hii, kusema kilichomo kwenye gunia.

Saa sita, watu wakiwa msikitini, nilichukua kalamu. Sikutumia ile rangi nyeupe ya kufutia. Nimekata kwa mstari mmoja, ili kila mtu asome kilichokuwapo, na juu yake nimeandika kwa mkono kwamba mwanafunzi mmoja hakuhudhuria tangu wiki ya nne kwa sababu ya ugonjwa, kwamba alifariki, kwamba karatasi ziliendelea kuja kwa jina lake, na kwamba mwalimu hakujua kwa sababu alihesabu karatasi. Nimefanya hivyo kwenye nakala zote tatu. Mfano wa Kundi la Kumi na Saba nimeukata pia. Najua Mkuu wa idara atasema nini. Hatapaza sauti. Atasema tu, tunamshukuru Mwalimu Saida kwa ukweli wake, na Jumanne ataletwa fundi wa kutengeneza kipaza sauti.

Watataka majina ya waliosaini. Sitayatoa. Nikitishwa nitasema kanuni niliitunga mimi, adhabu ianzie kwangu. Kama watayatafuta wenyewe kwenye kumbukumbu zangu, watakuta bunda moja limepungua. Liko hapa, chini ya mto wangu. Tazama nami ninavyositiri.

Nilikuwa na nia ya kumwambia na mama. Asubuhi nilijisemea, kesho ukimpelekea karatasi, kaa naye, mwambie kwamba hukujua, kwamba ulikuwa unawaandikia watu mia mbili na kwako mwanawe alikuwa jina tu miongoni mwao. Nimejaribu maneno hayo peke yangu, kwa sauti, mvua inapiga mabati, hakuna wa kunisikia. Kila mara nafika mahali ambapo uso wake unabadilika, nasimama.

Sitamwambia.

Naweza kusema namhurumia, na ni kweli namhurumia. Lakini shajara hii haisomwi na mtu, basi niseme yote. Kwa kamati nitapoteza kozi niliyoitolea mwaka mzima, na hilo naliweza. Kwa mama yule nitapoteza asante tu, asante isiyo yangu, na hilo ndilo nililoshindwa kulipoteza. Sijui nimhesabu vipi mtu wa namna hii.

Imebaki karatasi. Mwandiko ni wa Rukia, naujua sasa. Nimezikumbuka zile kumi za awali alizonionyesha mama, nikaitazama na hii, nimejaribu kukisia ni wiki gani majibu yaliacha kuwa ya Kassim yakawa yao. Siwezi. Hakuna chombo nilichojifunza popote kinachoweza kunitenganishia hapo. Labda wiki ya nane. Labda mpaka hii kuna kitu chake, alitikisa kichwa, alifumbua macho mahali fulani, mmoja wao akaandika.

Nimeisahihisha kama ninavyosahihisha zote. La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu wametumia bambo kueleza, nikaweka kalamu chini kwa muda. La nne wamejumlisha vizuri kisha wakasahau kugawanya, kosa la darasa zima wiki hii. La tano, sawa. Kumi na sita juu ya ishirini.

Nafasi ya chini, pale ninapoandika kila wiki, niliitazama sana. Maneno mengi yalikuja, yote makubwa, yote ya kujitetea. Mwisho nimeandika lile ambalo karatasi yenyewe ilistahili, kwa wino wa kijani: Kassim, rudia swali la nne.

Kesho mapema, mvua iache isiache, nitampelekea mama yake, na nitamsomea mwenyewe.